Maji ya Kijani: Majira, Rutuba na Mabwawa ya Samaki Nyanda za Juu Kusini

Neno mwani linapotajwa katika nchi yetu, fikira za wengi huelekea pwani, hasa Paje na Jambiani, ambako tangu mwaka 1989 wakulima, wengi wao wakiwa wanawake, wamekuwa wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba na kungojea mavuno maji yanapokupwa. Si ajabu iwe hivyo. Kilimo hicho kilitanguliwa na utafiti wa miaka mingi wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Keto Mshigeni, ambao tangu miaka ya 1970 walichunguza aina za mwani wa pwani yetu na namna zinavyokua. Lakini upo mwani mwingine ambao haupandwi na mtu wala haupimwi kwenye mizani. Kila mmea wake ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho matupu, nao humea mbali na bahari, katika mabwawa ya samaki ya Mufindi, Njombe, Rungwe na Mbozi. Mwani huo ndio unaoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani. Mkulima asiyeujua huiona rangi hiyo kuwa ni uchafu, akafungua mfereji ili maji "safi" yaingie. Kwa kitendo hicho huwa amemwaga chakula cha samaki wake.

Jambo hili lingeweza kuonekana dogo kama lisingehusu afya ya watoto. Ni mjini Iringa, mwaka 1972, ambako chama cha TANU kilitoa tamko la Siasa ni Kilimo, na katika miaka iliyofuata mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la mahindi la taifa. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, hali wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Njombe na Rukwa hazikuwa mbali na Iringa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi, kazi nyingi za akina mama na maji yasiyo salama. Samaki peke yake hawezi kuuondoa. Lakini mtoto anayekula ugali na mboga za majani siku baada ya siku, bila nyama, mayai wala samaki, hukosa vitu ambavyo gunia la mahindi haliwezi kumpa. Bwawa la samaki lililo nyuma ya nyumba lingeweza kuziba sehemu ya pengo hilo kwa gharama ndogo, lau lingezalisha.

Mabwawa yenyewe yapo. Majaribio ya ufugaji wa perege katika Tanganyika yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mabwawa ya wananchi yalikuwa yamefikia maelfu, mengi yakiwa madogo mno na mengine yakiachwa yajae magugu. Katikati ya miaka ya 2000 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitaja mabwawa yapatayo 14,000 Tanzania Bara. Iringa, ambayo wakati huo ilijumuisha Njombe, ilikuwa na zaidi ya 3,000, na Mbeya zaidi ya 1,000. Bwawa la kawaida lilikuwa na ukubwa wa mita 10 kwa 15 hivi. Kwa hiyo Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa mashimo yenye maji. Upungufu uko ndani ya maji hayo.

Mwani wa bwawa, kama mmea mwingine wowote, hujitengenezea chakula kwa nguvu ya jua, nayo ndiyo kazi iitwayo usanisinuru. Huchukua hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, huchukua nitrojeni, fosforasi na chumvi nyingine chache, kisha huzaliana kwa haraka mno. Mazingira yakiwa mema, idadi yake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Wadudu wadogo wa majini huula mwani, na perege huwala wadudu hao pamoja na mwani wenyewe. Wakati wa mchana mwani hutoa oksijeni ambayo samaki huvuta. Bwawa lenye mwani wa kutosha ni sawa na malisho yaliyonawiri, na mfugaji wa ng'ombe hahitaji kuelezwa kwamba ng'ombe hanenepi katika malisho yaliyokauka, hata zizi likiwa zuri namna gani.

Ni nini basi kinachouzuia mwani usimee? Mwanakemia wa Kijerumani Justus von Liebig alieneza, tangu mwaka 1840, kanuni ambayo wakulima wa mahindi wanaifahamu kwa vitendo hata kama hawajalisikia jina lake: kukua kwa mmea huamuliwa na kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Pipa lenye ubao mmoja mfupi halijai kupita ubao huo, hata mbao nyingine zikirefushwa kiasi gani. Katika maji baridi ubao huo mfupi mara nyingi ni fosforasi. Mwaka 1973 wanasayansi wa Kanada, wakiongozwa na David Schindler, waliligawa ziwa dogo sehemu mbili kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni, na upande wa pili walitia hizo hizo wakaongeza fosforasi. Upande uliopata fosforasi ukageuka kijani kibichi, wa pili ukabaki kama ulivyokuwa. Picha ya ziwa hilo iliyopigwa kutoka angani imewashawishi watunga sheria wengi kuliko vitabu vilivyoandikwa juu ya jambo hilo.

Kanuni hii ina uzito wa pekee katika Iringa na Njombe. Udongo mwekundu wa huko ni wa kale, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu usiopimika, una tindikali na umejaa chuma na alumini. Vitu hivyo viwili huikamata fosforasi na kuishikilia. Mkulima wa mahindi analijua tatizo hilo kwa hasara ya mfuko wake. Mfugaji wa samaki halijui, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba sakafu ya bwawa lake ni udongo ule ule. Hutia samadi, udongo ukainyakua fosforasi, na maji yakabaki meupe. Dawa yake ni chokaa. Chokaa ya kilimo ikisambazwa katika sakafu ya bwawa kabla ya kujaza maji hupunguza tindikali, huiachia fosforasi nafasi ya kubaki majini, na huyapa maji akiba ya kaboni ambayo mwani unaihitaji. Mawe ya chokaa hayaagizwi ng'ambo: katika eneo la Songwe, jirani na Jiji la Mbeya, hayo hayo yametumika kutengenezea saruji kwa miaka mingi. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwananchi wa Mufindi hupata kwa urahisi mfuko wa saruji wa kujengea ukingo wa bwawa kuliko mfuko wa chokaa wa kuliponya bwawa lenyewe.

Rungwe ni tofauti kidogo. Huko udongo umetokana na majivu ya volkano, ni mchanga kwa umri na una madini mengi, ingawa nao huishika fosforasi kwa namna yake. Hii yatosha kuonyesha kwamba ushauri mmoja haufai kwa wilaya zote.

Pamoja na rutuba yako majira, na hapa ndipo ushauri unaotolewa kwa wafugaji unapopungukiwa zaidi. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kyela iko mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Mafinga na Njombe zinakaribia mita 1,900 au kuzipita. Perege hukua vizuri zaidi maji yanapokuwa na joto la nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Chini ya nyuzi 20 ukuaji wake huzorota, na maji yakizidi kupoa huacha kula. Bwawa la Kyela na bwawa la Njombe, hata yakichimbwa kwa kipimo kimoja na kuwekwa vifaranga wa mama mmoja, ni mashamba mawili ya nchi mbili.

Tuuchukue mwaka wa bwawa la Mufindi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo maji yana joto la wastani, lakini mawingu huzuia jua, matope ya mashambani huyafanya maji kuwa ya kahawia, na mafuriko hulifanya bwawa lifurike na kutoa nje rutuba yote iliyotiwa. Maji ya matope yasidhaniwe kuwa yana rutuba. Mwani uliofunikwa na tope ni kama mahindi yaliyopandwa chini ya uvungu. Juni hadi Agosti ni kipupwe. Anga mara nyingi ni jeupe na jua halikosekani, ila usiku ni baridi kali, na mabonde, ambamo ndimo mabwawa yalimo, hupokea hewa baridi inayoteremka kutoka vilimani. Mwani hukua polepole. Bakteria wanaoiozesha samadi nao hufanya kazi polepole, na samaki hawali. Kisha huja Septemba na Oktoba, ambapo jua ni kali, maji yanapata joto na mvua hazijaanza. Hiyo ndiyo miezi ya mavuno ya mwani, mizuri kuliko yote, endapo kijito hakikukauka.

Sasa mkulima mwenye bidii aliyeagizwa atie samadi kiasi kile kile kila wiki, mwaka mzima, atapatwa na nini? Juni, Julai na Agosti samadi yake itajilundika chini bila kuoza. Septemba maji yanapopata joto, lundo lote litaanza kuoza kwa pamoja, na kuoza hula oksijeni. Mwani nao, ambao mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia. Kabla ya mapambazuko oksijeni huwa imefikia kiwango cha chini kabisa. Mkulima ataamka na kuwakuta samaki wake wakitweta juu ya maji, au wamekwisha kufa. Atasema wamelogwa, au kwamba vifaranga vilikuwa vibovu, au atamlaumu bwana samaki; na mara nyingi halichimbui tena bwawa hilo. Kosa halikuwa lake. Alifuata kalenda ya mahali penye joto.

Lipo kosa jingine ambalo limeenea zaidi hata ya hilo, nalo ni kuacha kijito kipite ndani ya bwawa usiku na mchana. Nyanda za Juu zina neema ya vijito, na watu wake huamini, kwa haki kabisa yanapohusika maji ya kunywa, kwamba maji yanayotiririka ni bora kuliko yaliyotuama. Kwa bwawa la perege imani hiyo ni hasara tupu. Kijito cha mlimani ni baridi. Kinapopita bwawani hulipoza, kisha huondoka na mwani pamoja na samadi iliyoyeyuka. Mkulima hununua rutuba na kumpelekea jirani yake wa bondeni bila malipo. Kijito kinapaswa kupitishwa pembeni kwa mfereji, na bwawa lipewe tu maji ya kufidia yale yaliyokauka kwa jua au kuvuja. Vivyo hivyo kwa mabwawa yaliyochimbwa kando ya misindano na mikaratusi, kama inavyoonekana katika vijiji vinavyozunguka shamba la miti la Sao Hill: kivuli hukinyima kijani cha majini jua lake, na majani yanayoanguka huongeza tindikali.

Anayetaka kuona nguvu ya majira juu ya mwani kwa kipimo kikubwa zaidi na ateremke hadi Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina kina cha mita 700 hivi mahali pake pa kina zaidi, na chini ya mita 250 maji yake hayana oksijeni. Rutuba inayozama huko chini hukaa kama fedha iliyofukiwa. Lakini kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi huuita Mwera, huvuma kwa nguvu, maji ya juu hupoa na kuwa mazito, na sehemu ya maji yenye rutuba huinuliwa kuelekea penye mwanga. Hapo diatomu, ambazo ni mwani wenye magamba kama ya kioo, huongezeka kwa wingi. Wadudu wa majini huongezeka baada yake, na usipa hupata chakula. Kwa hiyo baridi ile ile inayolitia njaa bwawa la Njombe huliletea ziwa la Kyela shibe. Hakuna mgongano katika maneno haya. Bwawani rutuba iko karibu na kinachokosekana ni joto. Ziwani joto lipo mwaka mzima, ila rutuba iko mbali na jua.

Siku hizi ushauri wa haraka unaotolewa kwa mfugaji ni kununua chakula cha viwandani, kile cha punje zinazoelea. Chakula hicho ni kizuri, na kwa mfugaji mkubwa mwenye soko la mjini hakina mbadala. Lakini kumwambia mama wa Kilolo mwenye bwawa la mita 10 kwa 15 kwamba bila punje hizo hatavuna, ni kumfunga katika duka ambalo hataweza kulilipa. Zaidi ya hayo, katika kipupwe punje hizo hazitaliwa. Zitazama na kuoza pamoja na samadi. Rutuba ya maji ilipaswa kufundishwa kwanza, na chakula cha kununua kije kama nyongeza pale ambapo mwani, pumba na majani ya magimbi havitoshi.

Wapo watakaopinga kwa hoja ya nguvu kwamba samadi ni haba, na kwamba kila debe linalotupwa bwawani limenyang'anywa mahindi au viazi. Hoja hii si ya kudharauliwa, hasa katika kaya zisizo na ng'ombe. Hata hivyo samadi ya bwawani haipotei. Bwawa linapokaushwa, tope lake la chini hubeba sehemu kubwa ya fosforasi na nitrojeni, na mahali pake pa kwenda ni karibu: vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambazo watu wa Iringa na Njombe hulima mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Bonde moja laweza kutoa samaki, kisha mboga, kwa samadi ile ile. Si kila bonde lichimbwe bwawa. Chemchemi za kunywa na ardhi chepechepe zinazohifadhi maji ya mito ziachwe kama zilivyo.

Tahadhari nyingine ni kwamba rutuba ikizidi ni sumu. Maji yanayokuwa mazito kama rangi ya kupaka, yenye utando na harufu, huwa yametawaliwa na bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu. Na kile kinacholifaa bwawa hakilifai ziwa: mbolea inayooshwa kutoka mashambani hadi Ziwa Nyasa au bwawa la Mtera hailishi watu, bali huharibu maji.

Kipimo cha kumlinda mkulima asizidishe wala asipunguze hakihitaji maabara. Atumbukize mkono wake majini, kiganja kikielekea juu. Kiganja kikitoweka machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, mwani unatosha. Kikitoweka kabla ya hapo, asitie samadi tena mpaka maji yapungue ukijani. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, bwawa lina njaa. Kipimo hiki hakina maana maji yakiwa ya tope. Samadi yenyewe iwekwe ndani ya uzio mdogo katika kona ya bwawa, na mianzi ile ile inayowapa wenyeji ulanzi yafaa sana kwa uzio huo. Rutuba itayeyuka kidogo kidogo, na baridi ikianza mkulima ataweza kuitoa.

Kinachohitaji maabara ni kalenda. Kituo cha TAFIRI kipo Kyela, kinashughulika na ziwa. Kituo cha utafiti wa kilimo kipo Uyole, kinashughulika na mazao ya nchi kavu na udongo wake. Katikati ya vituo hivyo kuna maelfu ya mabwawa ambayo si ziwa wala si shamba, na kwa hiyo hayana mwenyewe. Vipimajoto vikiwekwa katika mabwawa machache ya kila mwinuko, tuseme Kyela, Tukuyu, Mbeya, Mafinga, Njombe na Makete, na maji yake yakapimwa tindikali na fosforasi kila mwezi kwa miaka miwili, patapatikana kalenda ya kila ukanda inayosema ni mwezi gani chokaa itiwe, lini samadi ianze, lini ikome, na lini vifaranga viwekwe ili samaki wavunwe kabla ya baridi. Walimu wa sayansi wa shule za sekondari zenye mabwawa wangeweza kukusanya sehemu kubwa ya vipimo hivyo pamoja na wanafunzi wao. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuchimba mabwawa mapya, ambayo ndiyo kazi inayopendwa zaidi, kwa kuwa bwawa jipya laweza kuzinduliwa na kipimajoto hakizinduliwi.

Kwa sasa, mkulima wa nyanda za baridi anaweza kuanza bila kungoja kalenda hiyo: apunguze samadi mwishoni mwa Mei, aufunge mfereji unaopita bwawani, na Agosti inapokwisha ayaangalie maji kwa kiwiko kabla hajatia debe la kwanza.